Nyuzi Zisizongojeana

Mwanamke aliyelala juu ya benchi la kituo cha polisi aliamka kabla Inspekta Nzuki hajamaliza kukung'uta matope ya viatu. Aliitwa Kaluki. Mumewe, Mutunga, mchoraji wa mabwawa, alikuwa ndani ya seli, na kesho yake angepelekwa kortini Makueni ashtakiwe kwa kuua watu bila kukusudia. Hilo Kaluki alilijua. Asilolijua, na Nzuki naye hakuwa na haja ya kumwambia, ni kwamba mkuu wa upelelezi alikwisha kuiandaa kesi na kuifunga kichwani mwake, na alichobakisha ni kuipiga muhuri.

Mji wa Emali ulikuwa umeloa kama tambara la deki. Malori yalikuwa yamejipanga kwenye barabara ya Mombasa, madereva wamejikunyata ndani, kwa maana mbele daraja lilikuwa limekatika na nyuma hakukuwa na pa kurudi. Ilikuwa Novemba ya mwaka wa tisini na saba. Wakamba, ambao huomba mvua kwa magoti, mwaka ule walikuwa wameanza kuomba iondoke.

"Mama, nenda nyumbani," Nzuki alimwambia. "Hapa utashikwa na baridi bure. Jambo likitokea nitatuma mtu."

Kaluki hakutaka. Alisema angekaa hapo hapo mpaka aone sura ya mume wake. Nzuki akambembeleza. Alimkumbusha kwamba watoto walikuwa peke yao, kwamba ng'ombe hawajikamui, kwamba leo hakuna litakalofanyika ila maswali. Mwishowe yeye mwenyewe alimtafutia nafasi kwenye lori dogo lililokuwa likipandisha unga kuelekea kwao Kwa Mailu, kabla mto haujafura. Alimshika mkono akapanda. Alijiona amefanya jema, na siku za namna ile jema lilikuwa adimu.

Kwa Mailu alikujua. Jana yake alishinda huko akifuatilia habari ya saruji. Mkuu wake alikuwa ameambiwa kwamba nyuma ya nyumba ya Mutunga kuna mifuko ya saruji, na akaona huo ndio ushahidi: mchoraji amepunguza vipimo vya bwawa lililoua watu ili saruji ibaki, na iliyobaki akaila. Nzuki akaikuta mifuko kweli. Akakuta pia mchungaji na wazee wa kanisa, kila mmoja kwa wakati wake na bila kusikia la mwenzake, wakamweleza kwamba saruji ni ya tangi la kanisa na imewekwa pale kwa kuwa paa la Mutunga halivuji. Maelezo yalilingana hadi jina la dereva aliyeileta. Kaluki akampa maji ya kunywa, akamwonyesha kwa fahari bwawa jipya lililojaa pomoni juu kidogo ya boma lao. Lilichorwa na Mutunga mwenyewe, alisema. Hachoti tena maji mtoni na mtoto mgongoni.

Basi saruji ikafa. Lakini namba ilibaki, na namba ndiyo iliyokuwa na makali.

Bwawa la Kwa Nthenge, juu ya Mbumbuni, lilipasuka siku ya Jumapili watu wakitoka kanisani. Maji hayakuuliza nani ameokoka na nani bado. Walioenda kuchunguza walikubaliana jambo moja: tuta lilikuwa imara, bali mlango wa kutolea maji ya ziada ulikuwa mwembamba mno, maji yakapanda, yakapita juu ya tuta, yakalila. Upana wa mlango ulitokana na hesabu ya mafuriko ya bonde lile. Hesabu ilitolewa na kompyuta ya mradi wa mabwawa, ofisi ya Emali, na aliyeitoa ni Mutunga. Baada ya maafa, ofisi ndogo ya mradi kule Mwingi iliambiwa ipige hesabu ile ile, kwa programu ile ile, kwa vipimo vile vile. Namba ya Mwingi ikatoka kubwa kuliko ya Mutunga, na si kwa kidogo.

Mkuu wa upelelezi hakuhitaji zaidi. Bonde moja, programu moja, namba mbili: mtu amekata katikati.

Nzuki akaingia selini. Mutunga alikuwa ameketi, ameegemea ukuta, mtu mrefu mwenye vidole vyembamba vya mchoraji, ndevu zimeanza kumvamia.

"Saruji imekuokoa," Nzuki alisema. "Namba haijakuokoa. Uliitoa wapi?"

"Kwa mashini, afande."

"Mwingi nao wameitoa kwa mashini."

"Najua."

"Kuna kitu hujaniambia, Mutunga. Tangu siku ya kwanza naona unakizunguka tu."

Mutunga akasema, bila kuinua macho, "Niliifanya mara mbili. Ya kwanza ilinipatia namba ndogo. Nikasema wacha nirudie, maanake nilikuwa nimechoka, labda nimefinya vibaya. Ya pili ikatoka kubwa kidogo. Nikachukua hiyo kubwa."

"Na ile ya kwanza?"

"Ilipotea kwa skrini. Sikuiweka."

"Hukumwuliza mtu?"

"Nimwulize nani? Programu ni ya Mumbua wa ofisini kwetu. Mtu hawezi kumhesabia mwenzake ndoo, afande. Wewe ni wa hapa, unajua."

Nzuki alijua. Katika mwethya, kundi la majirani wanaochimba matuta na mabwawa kwa pamoja, kila mama hubeba udongo wake na kutaja ndoo zake mwenyewe, na hakuna wa kumrudilia nyuma kuzihesabu upya. Kufanya hivyo ni kumwita mwizi mbele ya watu. Hivyo mtu mzima, aliyesoma, alipopewa namba mbili tofauti na mashine moja, aliona heri ajione mjinga yeye kuliko kumtilia shaka mwenzake. Nzuki alitamani kumzaba kofi, na wakati huo huo alijua kwamba yeye mwenyewe angefanya vile vile.

Hata hivyo akaipima ile kauli. Mtu anayetaka saruji ibaki, akipewa namba mbili, huchukua ndogo. Huyu amechukua kubwa. Kama anasema kweli, si mwizi. Na kama anasema kweli, basi ile mashine inaweza kusema mambo mawili kuhusu bonde moja hata pasipo mkono wa mtu, na hilo linaweza kuonekana kwa macho.

Ofisi ya mradi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mbolea, upande wa stesheni ya reli. Mumbua alikuwa peke yake. Alikuwa bado na kitambaa cheusi kichwani, kwa kuwa alikuwa amemzika mama yake wiki iliyopita. Mama yake, Kalondu, alikuwa kiongozi wa mwethya wa Kwa Nthenge, na maji yalimkuta kwenye njia ya kanisani akiwa na Biblia mkononi. Nzuki alimpa pole. Mumbua aliipokea akaiweka kando, kama mtu aliyezipokea nyingi mno na hana tena pa kuziweka.

"Nieleze hiyo programu," Nzuki alisema. "Nieleze kama mtu asiyejua kitu, maanake sijui."

Mumbua akamweleza. Bonde, alisema, halina umbo la sanduku. Ukitaka kujua maji yote yatakayoshuka humo, hakuna hesabu moja ya kukupa jibu. Unalikata bonde vipande vyembamba, na mvua unaikata muda mfupi mfupi, unapima maji ya kila kipande, kisha unajumlisha. Vipande vikiwa vinene, unakosea. Vikiwa vyembamba sana, unakaribia ukweli, lakini kazi haiishi. Kompyuta ya zamani, ile iliyo Mwingi sasa, ilikuwa ikimeza bonde moja na kulitafuna mpaka kesho yake. Wafadhili nao walitaka michoro yote kabla ya mvua.

"Kwa hivyo nikaigawa kazi," alisema. "Badala ya programu kwenda mstari mmoja, nikaipasua nyuzi nyingi. Kila uzi unachukua upande wake wa bonde, zote zinafanya pamoja. Niliijaribu kwa ile ya zamani, jibu likatoka sawa. Halafu tukaletewa hii."

Aliigusa kompyuta iliyokuwa mezani. Ilikuwa na prosesa mbili, alisema, yaani inaweza kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, kweli kweli, si kwa kupokezana. Siku ilipowashwa, bonde lililokuwa likichukua usiku mzima lilikwisha chai ikiwa bado moto. Ofisi nzima ilipiga makofi. Mchungaji aliyekuja kuibariki alisema kidole kimoja hakivunji chawa.

"Piga hesabu ya Kwa Nthenge," Nzuki akamwambia. "Mimi nikiona."

Mumbua akafungua vipimo vya bonde. Nzuki alimfanya amsomee kimoja kimoja, akavilinganisha na vile vilivyotoka Mwingi. Hakuna kilichoguswa. Mumbua akaiamuru mashine ianze. Namba ikatoka, ndogo, jirani ya ile ya Mutunga. Nzuki akaiandika kiganjani kwa kalamu.

"Rudia. Usiguse kitu."

Akarudia. Namba ikatoka nyingine. Mumbua aliitazama, akatazama kiganja cha Nzuki, akarudia tena bila kuambiwa. Ya tatu haikufanana na ya kwanza wala ya pili. Zote zilikuwa chini ya namba ya Mwingi. Hakuna hata moja iliyopita juu.

Mutunga hakusema uongo. Nzuki alihisi furaha ndogo ya mtu aliyeokota sarafu njiani, na haikudumu, kwa sababu aliuona uso wa Mumbua.

"Kuna mtu ameiharibu?" Nzuki aliuliza. Lilikuwa swali la kipolisi, na alilazimika kuliuliza.

Mumbua akafungua maandishi ya programu, akayashusha mstari kwa mstari, akatikisa kichwa. Yalikuwa vile vile alivyoyaandika, alisema. Hakuna aliyeingiza mkono.

"Hizo nyuzi zako," Nzuki alisema, "kila mmoja ukimaliza kipande chake, unaweka wapi jibu?"

"Mahali pamoja. Pa jumla. Uzi unasoma jumla iliyoko, unaongeza yake, unaandika jumla mpya."

Juzi Nzuki alikuwa Kwa Nthenge, ambako wale mama waliosalia walikuwa wakizoa matope kutafuta waliokuwa hawajapatikana. Chini ya mabaki ya tuta palikuwa na ubao mdogo wa chaki ulioegemezwa kwenye jiwe. Mama akifika na ndoo zake, anasoma iliyoandikwa, anaongeza zake, anafuta kwa kiganja, anaandika mpya. Alikuwa ameutazama tu, kama mtu atazamavyo kitu alichokizoea tangu utotoni.

"Kama ule ubao wa mwethya," alisema.

"Ulikuwa ubao wa Mama," Mumbua akajibu. "Ndiko nilikotoa hiyo njia. Nilimwambia, Mama, nimefundisha kompyuta mwethya wako. Akacheka."

"Na pale ubaoni, wawili wakifika pamoja?"

"Mmoja anangoja."

"Nani aliwaambia wangoje?"

"Hakuna mtu aliwaambia. Ni watu wazima, afande. Wanasalimiana, mmoja anamwachia mwenzake."

"Na nyuzi zako," Nzuki aliuliza, "ni nani ameziambia?"

Nje lori lilipiga honi, likaacha. Mumbua alirudi kwenye skrini, akaweka kidole kwenye mstari mmoja mfupi, akakiacha hapo.

Alipozungumza tena alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto. Ubaoni pameandikwa arobaini. Wawili wanafika pamoja na wote wawili wanasoma arobaini. Huyu ana ndoo tano, yule ana ndoo tano. Huyu anaandika arobaini na tano. Yule, ambaye alikwisha kusoma arobaini, naye anaandika arobaini na tano juu yake.

"Ilitakiwa hamsini," alisema. "Ndoo tano zimepotea na hakuna mtu ameiba."

Kule Mwingi, aliendelea, prosesa ni moja. Nyuzi hupokezana, ni kama njia nyembamba ya kupita mtu mmoja. Ni nadra zikutane ubaoni. Ndiyo maana alipojaribu aliona sawa. Hapa prosesa ni mbili, nyuzi zinakanyagana mchana kutwa, na kila zikikanyagana maji kidogo yanatoweka. Maji ya kwenye hesabu hutoweka. Ya mlimani yanashuka yote.

Nzuki alitaka kuhakikisha, maana dhana nzuri ndiyo huwapotosha wapelelezi. Akamtaka aizime ile prosesa ya pili. Mumbua akaiwasha mashine upya akiiamuru itumie moja tu. Safari hii walingoja sana. Ilipotoka, namba ilikuwa ya Mwingi. Wakarudia, wakangoja tena. Ikawa ile ile.

"Mstari mmoja," Mumbua alisema. "Kuziambia zingojeane. Sikuandika kwa sababu sijawahi kuona mahali watu wanaambiwa." Akavua kitambaa cheusi akakikunja mapajani. "Mama yangu nimemuua mimi."

Nzuki alikuwa polisi kwa miaka mingi, na alikuwa na maneno ya kumwambia mtu aliyeua, na mengine ya kumwambia mtu aliyefiwa. Hakuwa na ya kumwambia mtu aliye yote mawili. Alimwonea huruma mpaka akashindwa kumtazama, akaomba simu.

Mkuu wake alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Kisha akamwambia kwamba hakimu hawezi kuletewa kitendawili. Mashine haina mikono ya kutiwa pingu. Kama si Mutunga, basi ni huyo msichana, achague mmoja amlete kesho. Nzuki akajibu kwamba Mutunga anamwachilia leo kwa bondi ya polisi, na kuhusu msichana hana sheria anayoijua yenye kosa la kutongojeana. Mkuu akakata simu.

Alipogeuka, Mumbua alikuwa amekwisha kuandika ule mstari. Prosesa zote mbili zilikuwa zinafanya kazi, na namba iliyokuwa kwenye skrini ilikuwa ile ya kweli. Ilikuwa imetoka haraka vile vile. Mstari wenyewe haungemchelewesha mtu hata kumaliza chai.

Lakini hakuwa akitazama skrini. Alikuwa amesimama mbele ya ramani ya ukutani iliyochomekwa pini nyekundu, kuanzia Emali mpaka karibu na Mwingi.

"Hizo ni nini?" Nzuki aliuliza.

"Mabwawa yetu."

"Ya mashini gani?"

"Ya hii. Yote tangu ije." Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Ilikuwa na kasi, afande. Tulimaliza kazi ya miaka mingi kwa msimu mmoja."

Akaketi, akaanza kuyapitisha kwenye programu iliyorekebishwa, moja baada ya jingine, akilitaja kila bwawa kwa jina na kusema jinsi mlango wake ulivyo mwembamba kuliko inavyotakiwa. Mengine yalikosea kidogo. Yalikuwapo yaliyokosea kuliko Kwa Nthenge. Nzuki alisimama dirishani akisikiliza, akiyatazama mawingu yaliyolala juu ya vilima vya upande wa Mbumbuni, meusi, yasiyo na haraka.

"Kwa Mailu," Mumbua alisema.

"Rudia hilo."

"Kwa Mailu. Hili ndilo baya kuliko yote."

Nzuki alishuka ngazi akikimbia, na hakuwa mtu wa kukimbia. Kituoni alimwamuru dereva atoe Landrova. Dereva, aliyekuwa ametoka huko huko sasa hivi akiwa ametapakaa matope, alimwambia kwamba mto umefunika kivuko tangu saa sita, gari halipiti wala mtu hapiti. Waliovuka asubuhi wamevuka. Kwa Mailu hakukuwa na simu, na redio ya chifu wa huko ilikuwa imenyamaza tangu wiki iliyopita. Nzuki alimwamuru aende hata hivyo, atafute njia ya juu. Dereva alimtazama, akapanda gari, akaenda.

Hapo ndipo ilipomlazimu afungue seli.

Mutunga alisimama. Nzuki akamweleza kwa maneno machache kwamba yuko huru, kwamba namba zake mbili kweli zilitoka kwa mashine, kwamba kosa lilikuwa ndani ya programu na halikuwa mikononi mwake. Alimwona akipumua kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Kisha akamwona akifikiri. Mchoraji ni mchoraji. Alikuwa ameyachora yote kwa mkono wake, na haikumchukua muda kuyapitia kichwani bonde kwa bonde mpaka akafika nyumbani.

Juu ya bati la kituo matone makubwa ya kwanza yalianza kuanguka.

"Afande," Mutunga aliuliza, "mke wangu yuko hapo nje? Walisema analala kwa benchi."

Nzuki alishika mlango wa seli uliokuwa wazi.

"Nilimwambia aende nyumbani," alisema.